Kopo Juu ya Bomba la Moshi

Trekta la baba lilisimama chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu, wilayani Urambo, tangu Januari 1998 hadi Agosti 2009. Miaka hiyo yote kuku walitaga chini ya giaboksi, matairi ya mbele yakapasuka kwa jua, na wekundu wa boneti ukafifia hadi ukafanana na tofali lisiloiva vizuri. Wanunuzi wa vyuma chakavu waliopita kijijini hawakukosa kupiga hodi kwa mama. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, kisha akawakatalia.

Lilikuwa Massey Ferguson 135, aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi miaka ya 1970, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu na nguvu za farasi zipatazo 45. Baba alilinunua likiwa limekwishatumika, kwa fedha ya misimu minne ya tumbaku. Babu yetu mzaa baba hakufurahia. Yeye alikuwa kijana wakati Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, ambapo Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea, na aliyaona kwa macho yake matrekta makubwa yaking'oa miti ya miyombo, kisha akayaona yakiachwa porini mpango ulipofutwa mwaka 1951. Alimwambia baba kwamba mashine za kulimia mwisho wake ni kutu. Baba alimjibu kwa heshima kwamba la kwake halitaoza, na nadhani neno hilo ndilo mama alilokuwa akililinda kila alipowarudisha wanunuzi wa vyuma.

Kaka yangu aliporudi kutoka Dar es Salaam mwaka ule wa 2009, alikuja na nia moja tu, kulifufua trekta kabla ya mvua za Novemba. Wazo lake la kwanza lilikuwa kulifunga mnyororo nyuma ya lori, kuweka gia na kulivuta mpaka injini ikubali. Mnyororo ulikwisha kuazimwa. Ndipo mama alipomtuma kijana amlete mzee mmoja wa Urambo mjini, fundi aliyekuwa amefanya kazi reli kabla ya kustaafu, ambaye sisi sote tulimwita Babu ingawa hakuwa wa ukoo wetu.

Babu alilizunguka trekta mara mbili bila kusema. Akapachika spana kwenye nati ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaegemea kwa uzito wake wote, na injini haikusogea hata unywele.

"Ukilivuta hili kwa lori, mjukuu wangu," alimwambia kaka, "konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, itapinda kabla pistoni haijatoka ilipo. Kilicholala miaka kumi na moja hakiamshwi kwa teke."

Alizitoa nozeli zote tatu, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, akamimina katika kila tundu mchanganyiko wa dizeli na oili, akatuagiza tusiliguse kwa siku nne. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila boliti iliyofunguliwa niliiandikia ilikotoka, nikaifunga katika kipande cha gazeti pamoja na nati na washa yake. Nasema bila kusita kwamba daftari lile lilituokoa, kwa kuwa Babu alikuwa na macho mazuri lakini kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoka.

Siku ya tano tulifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Naikumbuka saa ile kuliko nyingine zote. Silinda ya kwanza na ya pili zilikuwa na masizi makavu, meusi, ya kawaida. Ya tatu ilikuwa na duara la kutu lenye rangi ya hina, nene kama ukoko wa wali, lililoigandisha pistoni na ukuta wa silinda vikawa kama kitu kimoja. Babu alilikwaruza kwa ukucha, akatazama juu kwenye bomba la moshi lililosimama wima kando ya boneti, akauliza, "Hili lilikuwa likifunikwa na nini?"

Kaka alisema hajui. Mimi nilinyamaza, nikaendelea kufunga boliti kwenye gazeti.

Babu alitueleza taratibu, kwa kidole. Injini ya silinda tatu ikizimwa, karibu kila mara kuna valvu moja ya ekzosi, ya kutolea moshi, inayobaki wazi, na maji ya mvua yakiingia kwa juu hushuka na bomba mpaka kwenye valvu hiyo iliyo wazi, yakatulia juu ya pistoni. Silinda mbili hupona. Moja hunywa maji yote.

Baba alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo aliligeuza kichwa chini juu ya bomba lile kila jioni, baada ya injini kupoa. Hakuwahi kulisahau, hata siku aliporudi na homa. Alifariki Januari 1998, katika zile mvua za El Niño ambazo kila mtu mzima wa Tanzania anazikumbuka. Njia zilijaa maji, na waliokuja kuzika walikaa nyumbani kwetu siku nyingi kuliko ilivyo desturi kwa sababu hapakuwa na namna ya kurudi. Vyombo vilipungua. Shangazi aliniambia, "Binti, tafuta chochote cha kutekea maji, watu wanawe." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikapanda juu ya tairi kubwa, nikalichukua kopo la baba, nikalisugua kwa majivu na mchanga mpaka masizi yakatoka, nikaliweka kwenye pipa la maji. Sikulirudisha. Mvua ile iliendelea kunyesha kwa miezi.

Usiku ule nilimweleza mama jikoni. Sikumweleza kaka, sikuweza. Mama alikuwa akipembua maharage, na hakuacha kupembua.

"Kopo lile liliwanawisha watu waliokuja kumzika baba yako," alisema. "Kesho mwamkie Babu mapema, mfanye kazi."

Pistoni ya tatu ilitoka baada ya siku mbili. Babu hakukubali chuma kigonge chuma, kwa hiyo tuliiwekea kipande cha mti wa mninga kilichochongwa kwa kipimo cha silinda, yeye akagonga kwa nyundo ndogo, akasimama, akamimina oili, akagonga tena. Pistoni ilipoteremka upana wa kucha aliniita niweke tochi, akaucheka mstari ule mwembamba unaong'aa kama mtoto aliyeona jino jipya. Slivu yake, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikawa na vishimo, haikufaa. Mama aliuza mbuzi watatu na asali, na pistoni, slivu na ringi mpya zikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Duka moja lilitupatia ringi zisizo za saizi yetu na tukapoteza wiki nzima kuzibadilisha. Pampu ya dizeli ilikwenda kwa fundi wa pampu Tabora mjini. Tangi tuliliosha wenyewe, na kilichotoka humo kilikuwa kama lami.

Jambo moja nililojifunza kwa Babu nimelitumia mara nyingi tangu hapo. Washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli na kwenye mabomba ya dizeli zikishabanwa mara moja hukakamaa, na zikirudishwa hivyo hupitisha hewa. Mpya hatukuwa nazo. Babu aliomba jiko la mkaa la mama, akazipanga washa kwenye makaa, akapuliza mpaka zikawa nyekundu, kisha akazidondosha mojamoja kwenye bakuli la maji. Chuma ukikifanyia hivyo kinaweza kuwa kigumu zaidi, lakini shaba hulainika. Alinipa moja niiminye, nami nikahisi imekuwa laini kiasi cha kukaa vizuri mahali pake tena.

Tulijaribu kuliwasha mwanzoni mwa Novemba, mawingu yakiwa yamekwisha kukusanyika upande wa Kaliua. Betri ilikuwa ya kuazima. Stata ilizungusha injini vizuri, lakini haikushika. Babu alilegeza skrubu ya juu ya filta, akaniambia nipige mkono wa pampu ndogo, na povu likatoka, likatoka, hadi ikaja dizeli tupu isiyo na kiputo. Akakaza. Akahamia kwenye pampu kubwa, ikawa vivyo hivyo. Mwisho akalegeza nati za mabomba ya nozeli, kaka akazungusha stata, na dizeli ilipoanza kuruka akazikaza moja baada ya nyingine.

Safari hii injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika kwa silinda mbili. Ilikuwa ikichechemea, boneti nzima ikitetemeka. Babu aliinua mkono kaka asizime. Tulisimama hivyo kwa muda ambao sikuuhesabu, kisha silinda ya tatu ikaingia, mlio ukajaa ukawa mmoja, na mama akatoka jikoni akiwa bado ameshika upawa. Aliusikiliza mlio ule akiwa ameinamisha kichwa, jinsi alivyokuwa akiusikiliza baba alipokuwa akirudi kutoka shambani.

Kaka alilima nalo eka moja na nusu siku hiyo, kiwanja cha mahindi cha mama, kwa plau ya diski tuliyoiazima. Haidroliki ilivuja kidogo. Lilirudi chini ya mwembe jua likizama, likazimwa, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga majani. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga mkononi tangu mchana. Bomba lilikuwa bado la moto, nami nikasimama kando yake nikilikinga kwa khanga niliyoishika kwa mikono miwili juu, nikisubiri lipoe.