Siku moja maishani mwangu: namimina mvinyo mtamu Masaki

Kwetu Kimara ukiniulizia utaelekezwa kwa "yule dada wa pombe". Shangazi yangu kule kwetu Hombolo, Dodoma, ameamua kuwaambia watu kwamba niko hotelini, inapunguza maswali. Ukweli ni kwamba nafanya kazi kwenye duka la mvinyo Masaki lenye chumba cha kuonjea, na Jumamosi ni zamu yangu ya mvinyo mtamu na chokoleti. Watu wakisikia hivyo hucheka: "Kumbe unalipwa kwa kula chokoleti!" Haya, twendeni wote. Hii ni Jumamosi ya Februari, na nyie mnaijua Dar ya Februari.

Saa kumi na mbili asubuhi

Naoga kwa sabuni ya mche. Sipaki losheni yenye harufu, sipulizi marashi, na jirani akifukiza udi nafunga dirisha. Chai ya rangi bila tangawizi wala iliki, na mkate mkavu. Kachumbari na pilipili naziona kwa mbali mpaka nitoke kazini. Baba yangu ana jembe, mimi nina pua, na kila mtu analinda cha kwake.

Saa mbili

Mwendokasi mpaka Morocco, daladala mpaka Masaki. Nimesimama njia nzima, kwapa la mtu usoni. Pua hiyo hiyo.

Saa nne kasoro robo

Glasi kwanza. Kila mgeni anapata glasi nne ndogo, leo wageni ni wanane, kwa hiyo glasi 32. Zote zinaoshwa kwa maji ya moto, bila sabuni yenye harufu ya limau, zinafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, halafu nazinusa moja moja. Ndiyo, nanusa glasi tupu. Glasi iliyokaa kabatini mdomo chini hushika harufu ya mbao, na ukimimina humo mvinyo wa laki mbili, mteja anaonja kabati.

Kisha chokoleti. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana inalainika ikigusa ulimi, na ndiyo maana haipatani kabisa na mji huu. Boksi moja lilikuwa limeletwa kwa bodaboda katikati ya jua. Nililifungua nikakuta vipande vimepiga weupe juu. Mteja akiuona ule weupe anasema imeota ukungu. Siyo. Ni mafuta ya kakao yaliyoyeyuka, yakapanda juu, yakaganda upya. Hayamdhuru mtu, ila mezani haviendi, vinakwenda jikoni kufanyiwa keki. Na msije mkaweka chokoleti nzuri kwenye friji la soda: ukiitoa inatoka jasho, lile jasho linayeyusha sukari ya juu, ikikauka inabaki na chengachenga. Sisi tunaihifadhi kwenye kabati la mvinyo, nyuzi 16, humo humo na chupa.

Saa sita mpaka saa tisa

Wateja wa dukani, zawadi za harusi, mmoja anatafuta "ile ya chupa ya bluu", mwingine anaomba chenji bila kununua kitu. Wali na mchicha, nimekula nimesimama.

Saa tisa

Kufungua chupa. Hapa ndipo watu hudhani nalewa. Kila chupa inayokwenda mezani lazima niionje, kwa sababu kizibo cha gome kikiwa kibovu mvinyo wote unanuka boksi lililonyeshewa mvua, na mgeni hapaswi kuwa wa kwanza kugundua. Naonja, nauzungusha mdomoni, natema kwenye kopo. Mlinzi wetu, mzee wa Kipare, hajawahi kulizoea hili. "Mwanangu," ananiambia, "hela yote hiyo unatema?" Mimi humjibu kwa kicheko tu.

Leo meza ina minne. Wa kwanza ni mweupe wa Afrika Kusini, zabibu za aina ya Chenin zilizoachwa mtini mpaka zikaanza kusinyaa. Maji yanapungua, sukari inabaki. Wa pili ni mascadeli, wa huko huko, ambao juisi ya zabibu inamwagiwa pombe kali kabla hata haijaanza kuchacha, kwa hiyo utamu wote unabaki humo. Wa tatu ni Porto ya Ureno. Huo unaachwa uchache kidogo, halafu unamwagiwa pombe kali ya zabibu, hamira inakufa, na kinachobaki ni mvinyo wa asilimia 20 hivi wenye sukari ambayo haikupata wa kuila. Wa nne ni mwekundu mtamu wa nyumbani, Dodoma.

Huo wa nne nausemea zaidi, mnisamehe. Zabibu kwetu zilikuja na wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950. Ugogoni hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, hauna msimu wa kulala kama wa Ulaya, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamuru: anaupogoa, unachipua upya, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Mfaransa anavuna mara moja. Sasa hivi, wakati mimi nafuta glasi hapa Masaki, baba yuko shambani anahesabu siku za kuvuna na kugombana na ndege.

Saa kumi na moja jioni

Meza ilikuwa tayari. Chokoleti nyeupe, ya maziwa, na nyeusi mbili za asilimia 70, moja ya kakao ya Kyela na nyingine ya bonde la Kilombero. Kiyoyozi kinanguruma. Chokoleti inatolewa kabatini robo saa kabla ya wageni kukaa, ili harufu yake ifunguke. Robo saa. Siyo saa nzima.

Walikuja sita. Aliyeweka nafasi, bosi mmoja wa makamo aliyekuwa akisherehekea miaka ya ndoa yake, akasema tusubiri, wawili wako njiani. "Wamefika wapi, bosi?" "Mwenge." Saa kumi na moja jioni, Jumamosi, Mwenge. Nikajua. Nikaomba nirudishe sahani kabatini. "Aa, dada, acha, zinapendeza kwenye picha."

Wakapiga picha. Kisha bosi akatoa sigara nene, zile za kahawia. Nikamwambia kwa adabu kwamba ndani hatuvuti, moshi unaua pua za wote, na yeye ya kwake ikiwemo. Akacheka, akaenda kusimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mlango ameushikilia wazi kwa kisigino. Hapo ndipo siku yangu ilipoanza kweli. Joto la nje likaingia, baridi ya ndani ikatoka, moshi nao ukaona njia. Nikamwomba afunge. "Sekunde moja tu." Nikaziangalia sahani. Chokoleti nyeupe ndiyo hutangulia kusalimu amri, ina sukari na maziwa mengi, haina ugumu wa nyeusi. Kona zake zilikuwa zimeanza kung'aa. Nikiikuta inang'aa hivyo najua nina dakika chache, baada ya hapo mgeni anaishika inabaki na alama ya dole gumba.

Nikamwomba tena. Akaanza kunisimulia alivyoishi Ulaya.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima, mama mdogo wa mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na glasi ya maji. Hakupandisha sauti. "Baba, njoo ukae, mtoto atuhudumie." Mkwe akiitwa na mkwe, hata awe bosi wa nani. Sigara ikazimwa, mlango ukafungwa, nikazibeba sahani mbio kurudi kabatini, na wale wawili wa Mwenge walipofika saa kumi na mbili na dakika zake nilikuwa nimeshapanga upya vyote.

Lakini bosi hakuwa amemaliza. Nilipoanza kumimina, akatoa kwenye begi chupa yake mwenyewe, mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, ya bei kweli. Akasema mvinyo mtamu ni wa akina mama, mwanaume anakunywa mkavu, na Ulaya chokoleti nyeusi inaliwa na mkavu. Mambo haya sibishani nayo mdomoni, nayaacha mdomo wa mteja uyaamue. Kanuni yetu ni ndogo tu: mvinyo uwe mtamu kuliko chokoleti, au angalau vilingane. Chokoleti ikiuzidi mvinyo, mvinyo unageuka mchungu na mkali. Na mwekundu mkavu una ukakasi wake, ule ule wa ndizi mbichi, na chokoleti nyeusi nayo ina wake. Ukiviweka pamoja, vinakubana ulimi na mashavu kwa pamoja.

Akang'ata, akanywa. Uso ukakunjamana mbele ya watu wote. "Chokoleti yenu imeharibika," akasema.

Nikampa kipande kile kile na tone la Porto. Akanywa bila neno, akaongeza glasi, kisha akaomba barafu aweke humo. Porto na barafu! Nikampa. Hela ni yake.

Tulipofika kwenye chupa ya Dodoma akaisukuma kando hata kabla ya kunusa: hiyo ni ya walevi wa uswahilini. Kuna wenzangu wa kazi hii hufunga chupa kwa kitambaa, mteja akaisifu, ndipo wakafunua. Mimi huo mchezo siupendi. Mteja uliyemwaibisha mbele ya mkewe harudi, na akirudi anarudi na kisasi. Nikasema tu, "Karibu wakati wowote, bosi," nikamimina kwa wengine. Alipoondoka alikuwa na msimamo wake ule ule, na sina shida nao.

Yule mama hakunywa hata tone, ni mlokole, lakini ndiye aliyeuliza maswali ya maana kuliko wote. Kwao ni Kyela. Aliposikia kwamba ile chokoleti nyeusi ni ya huko alikishika kile kipande, akakigeuza, akakinusa. Akatuambia walivyokuwa watoto wakipasua tunda la kakao na kufyonza ule utelezi mweupe, mtamu kuliko pipi, mbegu wakazitema, wazazi wakagomba kwa sababu mbegu ndiyo hela. Sasa anaona hapa sahani ndogo inauzwa bei hiyo. Nikamweleza kwamba zile mbegu, na ule utelezi wake, huachwa zichache kwa siku tano, sita hivi kabla ya kuanikwa, na bila kuchacha huko hakuna harufu ya chokoleti hata ukaange vipi. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo na hii nayo imechacha, kama huo mvinyo wako." Ndiyo, mama. "Mchungaji asisikie." Akala vyote vilivyobaki.

Halafu akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akanitazama vizuri: "Basi wewe na mimi ndio tuliolima meza hii." Nilimimina maji kwenye glasi yake ingawa ilikuwa imejaa.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mvinyo mtamu unadanganya, watu wanaunywa kwa kasi ya juisi na wanasahau zile asilimia 20, kwa hiyo kazi yangu ikawa kupeleka maji, mikate mikavu, maji tena, na kumzuia kijana mmoja asiendeshe gari. Aligoma. Nikampa mlinzi kazi ya kulizuia geti mpaka teksi ije; mzee wa Kipare hapitiki. Mwingine akauliza mvinyo wa gharama kuliko yote dukani ni upi. Nikamwonesha nusu chupa ya Sauternes, Bordeaux, Ufaransa, nikamweleza kwamba zabibu zake huachwa makusudi ziote ukungu fulani unaotoboa ganda, maji yakapungua na sukari ikabaki. Akasema, "Chokoleti ikiwa na ukungu ni mbovu, zabibu zikiwa na ukungu ni dhahabu, nyie watu wa Masaki mna matatizo." Hakununua.

Bili ikabishaniwa. Bosi hakuelewa kwa nini wale wawili waliochelewa wanalipa sawa na wengine. Nilieleza, meneja akaeleza, mkewe akalipa. Tipu ilikuwa elfu tano ya mtu mmoja, na mtu huyo ni yule mama asiyekunywa.

Glasi 32 zinarudi kuoshwa. Miguu inawaka moto, mgongo vilevile, na mdomoni nina ladha ya chuma inayokuja ukionja na kutema mchana kutwa. Nimejinunulia chipsi mayai pale nje, nikamwaga pilipili mpaka muuzaji akaniuliza kulikoni.

Nikiwa kwenye bajaji kuelekea Morocco, meseji ya meneja imeingia. Kesho kuna kicheni pati ya wageni kumi na wanne, wanataka mvinyo na chokoleti bustanini, saa nane mchana. Nimemjibu kwamba bustanini sawa, ila chokoleti itabidi iwe ya kunywa.