Mstari mwekundu kwenye barua za 1962

Usiku huu niko na wimbo mmoja tu: "He Stopped Loving Her Today" (Leo Ameacha Kumpenda) wa mwimbaji Mmarekani George Jones, uliotoka 1980, watunzi Bobby Braddock na Curly Putman. Nyimbo za kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, za watu walioachwa wakaendelea kupenda ni nyingi mno. Huu naushika kuliko zote kwa sababu mwenye penzi hapewi hata nafasi ya kulia.

Anayeimba ni rafiki yake. Anatuonyesha picha ukutani na barua kando ya kitanda, za 1962, kila palipoandikwa "nakupenda" pamepigwa mstari mwekundu. Basi mtu alikaa na kalamu, akazipitia barua moja baada ya nyingine akilitafuta neno lile lile. Baada ya hapo, kutuambia kwamba aliumia kungekuwa kazi bure.

Kisha rafiki anasema amemwona leo: hana machozi, amevalishwa vizuri, anatabasamu. Unadhani amepona, hadi shada la maua la msiba linapotajwa mlangoni. Ndiyo maana waimbaji wengi wanaourudia wimbo huu huuharibu mapema: wanaingia na kwikwi tangu ubeti wa kwanza, na msikilizaji anajua kuna msiba kabla ya wakati. Jones anaanza chini, kama anayetoa habari za jirani. Ufunguo, yaani kimo cha sauti za wimbo mzima, unapanda baadaye, na fidla zinafuata.

Gitaa la stili nalo lina adabu yake. Hupigwa likiwa limelala, mara nyingi nyuzi 10, mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu yake. Mpigaji hudonoa uzi wakati kanyagio la sauti limelegezwa, ndipo alikanyage polepole. Mdonoo wenyewe hausikiki. Unasikia mlio unaochipuka na kupanda, kama pumzi ya mtu anayejizuia kulia. Akikanyaga haraka, huruma yote inapotea. Na asimkatize mwimbaji: stili huingia pale neno lilipoisha.

Halafu yule mwanamke aliyependwa anakuja kumwona kwa mara ya mwisho. Jones anaacha kuimba, anasema tu, taratibu. Watu walikuwa wakijiuliza kama angefika. Amefika, na wimbo hausemi hata neno moja alilotamka.