Juni Katika Bonde la Tyndall: Kupanda Hadi Maziwa Yenye Barafu

Wageni wengi huyazuru maziwa ya Bonde la Tyndall, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain katika jimbo la Colorado nchini Marekani, mnamo Julai na Agosti, wakati njia imekauka na maji yako wazi. Mimi nilichagua mwanzo wa Juni kwa makusudi. Nilitaka kuyakuta maziwa hayo yakiwa bado yamegawanyika kati ya barafu na maji, kwa kuwa naamini huo ndio msimu ambao mtu wa kawaida, asiye na kamba wala ujuzi wa kukwea majabali, anaweza kuona kwa macho yake namna mlima unavyoigeuza theluji ya majira ya baridi kuwa mto.

Mwenzangu katika safari hii alikuwa ameshaipita njia hiyo wakati wa joto, ila hakuwahi kuiona ikiwa chini ya theluji. Jioni ya kuamkia safari tuliitandaza ramani mezani, na jambo la kwanza tulilokubaliana lilikuwa saa ya kugeuka: ifikapo saa 4 asubuhi tungeanza kurudi, popote tutakapokuwa. Katika miaka ya karibuni hifadhi imekuwa ikimtaka kila anayetumia barabara ya Bear Lake kati ya saa 11 alfajiri na saa 12 jioni, tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba, awe na kibali cha saa maalumu. Sisi tulipita langoni kabla ya saa 11, na kilichotuamsha mapema kiasi hicho kilikuwa theluji yenyewe.

Theluji ya Juni ina saa zake. Mchana jua huyeyusha tabaka la juu, na maji yake hujipenyeza katikati ya chembe zilizo chini. Usiku, mbingu ikiwa haina mawingu, joto hupotelea angani na maji yale huganda upya, hata kunapokucha uso mzima huwa mgumu kama saruji. Inapendeza kwamba bonde hili lina jina la John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ayalandi ambaye kuanzia mwaka 1859 alionyesha kwa majaribio ya maabara kwamba mvuke wa maji na kaboni dioksidi hunasa joto, ilhali oksijeni na naitrojeni huliachia lipite. Kwenye kimo cha mita 3,000 hewa ni nyembamba na mara nyingi ni kavu, mvuke wa kulizuia joto la ardhi ni haba, na kwa sababu hiyo theluji inaweza kuganda usiku hata baada ya mchana wa kuvua koti. Anayefika alfajiri hutembea juu yake. Anayefika adhuhuri huzama hadi mapajani.

Bear Lake, mahali njia inapoanzia, liko mita 2,888 juu ya usawa wa bahari. Ziwa hili limezuiliwa na tuta la mawe na udongo ambalo barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, la zama za barafu lililisukuma na kuliacha hapo, na maziwa mengine yaliyo juu yake ni kazi ya barafuto hilohilo, lililolichimba bonde kwa hatua, kila hatua ikiacha shimo na kila shimo likajaa maji. Tulipofika, sehemu kubwa ya Bear Lake ilikuwa imeshafunguka na utando mwembamba wa barafu ya usiku ulizunguka kingo zake. Tulivaa vyuma vya meno juu ya viatu, tukarefusha fimbo zetu, tukaingia msituni. Vibao vya njia vilichomoza vichwa tu. Nyayo za waliotangulia zilikuwa nyingi na zilikwenda pande mbalimbali, kwa hiyo tuliifuata ramani na umbo la bonde badala ya kufuata nyayo, maana mtu mmoja akikosea njia juu ya theluji huwavuta ishirini nyuma yake.

Nymph Lake, mita 2,958, ni ziwa dogo na la kina kifupi, na kwa hiyo huwahi kuyeyuka. Majira ya joto yakikolea, uso wake hufunikwa na mayungiyungi ya manjano ambayo ndiyo yaliyolipa ziwa jina. Siku hiyo hapakuwa na ua hata moja, ila vipande vya barafu vilivyosalia kivulini, upande wa kusini. Hatukukaa.

Kutoka hapo msitu unapanda kwa ukali zaidi, na ndipo theluji ilipotuonyesha uzito wake. Kuzunguka kila shina la msonobari kulikuwa na shimo, kwa sababu gome jeusi hunyonya joto la jua na kuiyeyusha theluji iliyo karibu, na baadhi ya mashimo hayo yalikuwa na kina kinachomzidi mtu kiunoni. Tulipita mbali nayo. Mahali fulani tulisikia maji yakikimbia chini ya miguu yetu bila kuona hata tone. Theluji huwa imekaa juu ya kijito kama daraja, na daraja hilo huliwa kutoka chini, hivi kwamba uso wake unaweza kuonekana mzima huku unene wake ukiwa umebaki kidogo sana. Mwenzangu alichoma fimbo mbele yake mara kadhaa, akasikiliza, kisha akaniambia, "Tusubiriane, kaka. Mmoja akivuka mwingine asimame." Tukavuka hivyo.

Pumzi nazo zilianza kuhesabika. Katika kimo hicho msukumo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa pwani, na mwili huhisi tofauti hiyo hata kama mtu ana nguvu. Jua lilipotufikia tulisimama kupaka losheni na kuvaa miwani myeusi. Theluji mpya inaweza kurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, na hata hii kuukuu ya Juni hurudisha wa kutosha kuunguza kidevu, sehemu ya chini ya pua na macho yasiyokingwa. Nimewaona watu wakirudi kutoka milimani wakiwa na maumivu ya macho yaliyowafunga chumbani mchana kutwa; miwani ni kitu cha kwanza ninachokipakia, hata kabla ya chakula.

Dream Lake ni ziwa jembamba, refu, lililolala kwenye mita 3,019 likiuelekea moja kwa moja mlima Hallett Peak, wenye kimo cha mita 3,875. Barafu yake ilikuwa bado imeshika karibu kote, ila mahali maji yanapotokea ziwani palikuwa wazi, kwa kuwa maji yanayotembea hayagandi kwa urahisi. Katika uwazi ule, kwenye maji yasiyozidi kina cha goti, kulikuwa na samaki wachache aina ya trauti wamesimama wakiuelekea mkondo, mikia ikicheza polepole. Wanaishi majira yote ya baridi chini ya barafu. Jambo hilo linawezekana kwa sababu maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi: yanayopoa zaidi ya hapo huwa mepesi, hubaki juu na kuganda, na barafu ikishatanda huwa blanketi kwa maji yaliyo chini. Kama barafu ingezama, ziwa la namna hii lingeganda kuanzia chini na pasingekuwa na samaki wa kutazamwa.

Juu ya Dream Lake njia ya kawaida ilikuwa imepotea kabisa. Tulipanda kwa kufuata kijito upande wake wa kulia, tukipiga ncha za viatu kwenye mteremko mgumu ili kutengeneza ngazi, na saa 1 na nusu asubuhi tukafika Emerald Lake, mita 3,081, ambako bonde linakoma.

Hapa ndipo nilipotaka kukaa, na tulikaa. Ziwa limezungukwa pande tatu na kuta za miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Kushoto Hallett Peak, kulia Flattop Mountain, na katikati yao, juu kabisa, kipande cheupe cha Barafuto la Tyndall. Uso wa ziwa ulikuwa na rangi nyingi kuliko ziwa lolote lililo wazi ninalolijua. Penye theluji juu ya barafu palikuwa peupe. Penye barafu tupu palikuwa pa kijivu. Na mahali maji ya kuyeyuka yalipotuama juu ya barafu palikuwa na buluu-kijani iliyokolea. Kingoni, kati ya barafu na mawe, kulikuwa na ukanda wa maji wenye upana wa hatua moja hivi, kwa sababu mawe ya ufukweni hupata joto mapema na kuiyeyusha barafu iliyo jirani.

Niliinama nikatoa kipande cha barafu kilichokuwa kikielea kwenye ukanda huo. Kilikuwa na unene wa kiganja na kilionekana imara. Nilipokishika kwa mikono miwili kilisambaratika kuwa vijiti virefu, vyembamba, vinavyong'aa, vyote vikiwa vimesimama wima kama vilivyokuwa ndani ya ziwa, vikaanguka majini vikilia kwa sauti ya vioo vidogo. Ndivyo barafu ya ziwa inavyooza: mwanga wa jua huyeyusha mipaka iliyo kati ya fuwele, zikaachana, na tabaka linabaki na unene wake lakini halina tena nguvu ya kushikamana. Kwa sababu hiyo kipimo cha unene, ambacho mwezi wa Januari humwambia mtu mengi, mwezi wa Juni hakimwambii chochote. Nyayo kadhaa zilikuwa zimekatisha ziwa kutoka kona hadi kona, sijui za siku gani. Zilinisikitisha kweli.

Kwenye theluji ya mteremko wa kaskazini niliona mabaka mekundu hafifu, na hayo nayo niliyapiga magoti kuyatazama. Ni mwani wenye chembe moja moja, unaoishi ndani ya theluji inayoyeyuka na kujikinga na jua kali kwa rangi nyekundu. Rangi hiyo huifanya theluji inyonye joto zaidi na kuyeyuka upesi, na maji yanayopatikana ndiyo yanayouwezesha mwani kuendelea kuishi. Katika bonde lote hili lililoonekana limelala, kazi ilikuwa inaendelea kila mahali.

Mgongo ulioko juu ya Flattop ndio unaoyagawa maji ya bara. Tone linaloyeyukia upande tuliokuwa hupita Emerald na Dream, huingia Glacier Creek, kisha mto Big Thompson, kisha South Platte, na kwa kupitia Missouri na Mississippi huelekea Ghuba ya Meksiko. Tone la upande wa pili huingia bonde la mto Colorado, ambao chimbuko lake limo ndani ya hifadhi hiihii. Binadamu nao wameingilia mgawanyo huo: tangu mwaka 1947 maji ya upande wa magharibi yamekuwa yakipitishwa chini ya milima kwa handaki la Alva B. Adams, lenye urefu wa takriban kilomita 21, kwenda kwenye miji na mashamba ya mashariki. Kila niliposikia kishindo cha theluji iliyolowa ikiteleza kutoka kwenye magenge ya Hallett, nilikuwa nasikia maji ya mashamba hayo yakianza safari.

Vishindo hivyo vilituhimiza pia kuondoka. Saa 4 ilipokaribia theluji ilikuwa imeanza kulegea, na kila hatua iliacha alama yenye kina. Tulishuka hadi karibu na Dream Lake, ambako njia ya kwenda Lake Haiyaha inachepuka. Nilitamani sana kulifikia ziwa hilo, kwani tarehe 28 Juni 2022 sehemu ya mlima iliporomoka katika korongo lililo juu yake, na unga laini wa mawe uliosombwa na maji uliligeuza ziwa kuwa la rangi ya kijani chenye weupeweupe. Tulikwenda hadi mahali njia inapokatisha mteremko mkali. Nyayo za awali zilikuwa zimeyeyuka na kuwa rafu nyembamba inayoelekea chini, na chini kulikuwa na mashina ya miti. Mwenzangu alisimama, nami nikasimama. Asubuhi iliyoganda ningepita kwa vyuma vyangu vya meno. Kwa theluji ile iliyolegea juu na kuteleza chini, sikuona kitu cha kumzuia mtu anayeanguka. Tuligeuka bila mjadala mrefu.

Kushuka kulikuwa kwa haraka na kwa maji mengi, viatu vikilowa hadi ndani. Tulipofika Nymph Lake vipande vya barafu tulivyoviacha kivulini vilikuwa vimepungua waziwazi. Makundi ya watu yalikuwa yakipanda, wengi wao wamevaa raba na kaptula, na mawingu yalikuwa yanajengeka upande wa Longs Peak, mlima mrefu kuliko yote katika hifadhi, wenye mita 4,346.

Kwenye maegesho yaliyojaa, mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili alitusubiri tutoe gari, akauliza kama ziwa la mwisho linafikika. Mwenzangu alimweleza kwamba Nymph Lake linatosha kwa saa hiyo, kwamba juu yake theluji imelegea na vijito vimejificha, na kwamba radi za mchana huku hazina subira. Alimwonyesha mawingu yale kwa kidole. Yule mama alishukuru, akawafunga watoto kamba za viatu, na walipokuwa wakiingia msituni alikuwa akiwaambia kwamba wataenda kulitazama ziwa moja tu.