Gei, Mormoni, na bado nipo

Mi ni gei na ni Mormoni, yani muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na watu wa pande zote mbili wananiambia chagua moja. Sitaki. Kanisa linasema kuvutiwa na mwanaume mwenzako sio dhambi, dhambi ni ukitenda, kwa hiyo unaambiwa kaa mwenyewe hadi kufa halafu mengine Mungu atajua, wakati fundisho letu tamu kuliko yote ni familia za milele, yani mume na mke wanaunganishwa hekaluni na hata kifo hakiwaachanishi, sasa mi naunganishwa na nani jamani?

Novemba 2015 ilitoka sera kwamba walioko kwenye ndoa za jinsia moja ni waasi wa imani na watoto wao wasibatizwe wakiwa wadogo, Aprili 2019 ikafutwa. Ndoa zenyewe bado hazikubaliki, najua. Ila kama tunaamini ufunuo unaendelea, yani Mungu bado anaongea na kanisa lake, basi uendelee na kwangu (askofu wangu alikohoa tu nilipomwambia hivyo).

Kibali cha hekalu (ruhusa ya kuingia hekaluni) sina, mpenzi ninaye. Jumapili trei ya mkate wa sakramenti ikinifikia nampasia wa pembeni bila kuchukua, lakini nyimbo naimba zote, besi kabisa.