Jiwe la Ruzizi

Nimetoka mto Ruzizi sasa hivi, ule unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, chini ya baraji (bwawa la umeme).

Mzee mmoja mvuvi alinionyesha mawe ya ukingoni. Asubuhi yalikuwa ndani ya maji, saa sita yamekauka. Mashine za umeme zikipunguza maji, mto unashuka. Zikiongeza, unapanda tena. Samaki aliyetaga kwenye changarawe za ukingoni, mayai yake yanabaki juani.

Nikagusa jiwe moja. La moto!

Sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, hawana shida hiyo, wanazalia ziwani (na waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tusijidai sana). Taabu ni ya yule samaki anayepanda mto kutafuta pa kutaga, anakuta ukuta.

Umeme nautaka, bana. Ila lile jiwe…

Ndugu wa Kamanyola na Uvira, huko kwenu samaki wanapanda bado?