Kutoka Duara hadi Herufi a: Siku Moja ya Mwalimu wa Darasa la Awali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimeshafagia darasa, nimejaza mchanga mkavu kwenye trei za mbao na kuulowesha udongo wa mfinyanzi ulioanza kukauka tangu jana. Ninafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu hii kuwa ya lazima, lakini bado wapo wengi wanaoamini kwamba tunawashikilia watoto tu mpaka wafikie umri wa darasa la kwanza.

Saa moja na nusu tunakagua usafi, tunaimba na kuita mahudhurio.

Saa mbili tunaanza kuandika, ingawa hakuna aliyeshika penseli. Tunasimama na kuchora hewani kwa mkono mzima, kuanzia begani: mstari wima, mstari mlalo, mshazari, kisha duara. Baadaye kila kikundi kinarudia mistari hiyo kwa kidole kwenye mchanga, halafu kwa chaki ubaoni. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka mitano haijakomaa yote, na kumbana aandike mistari mingi ya herufi daftarini ni kuuchosha mkono ambao bado unajengwa. Ndiyo maana kalamu za rangi mpya huzivunja vipande vifupi kwa makusudi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Humlazimu mtoto atumie dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, na huo ndio mshiko atakaouhitaji kwa miaka yote ya shule.

Lugha yetu nayo ina madai yake. Sauti tunazotanguliza ni irabu, na kati ya a, e, i, o na u, ni i peke yake inayoandikwa kwa mstari ulionyooka. Nyingine zote zinataka mkono unaojua kupinda. Mtoto asiyeweza kuchora duara na kulifunga, akizungusha mkono kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, hawezi kuandika a inayosomeka, hata akiimudu vizuri sauti yake. Kwa hiyo tunachora machungwa, magurudumu na vyungu, na watoto wanafurahi bila kujua kwamba wanaiandaa herufi.

Saa nne ni wakati wa uji, na leo ndipo baba mmoja alipofika akiwa na daftari la mwanawe mkononi. Tulisalimiana, akalifungua mbele yangu ukurasa baada ya ukurasa.

"Mwalimu, nusu ya mwaka imepita na humu kuna michoro mitupu. Mtoto wa jirani yangu yuko shule ya kulipia, anaandika mpaka z. Huyu wangu mnamchezesha."

Nilimwomba aketi. Nilimletea jalada la mtoto wake, ambalo ndani yake ninahifadhi mchoro mmoja wa kila mwezi wenye tarehe, na nikamweleza pole pole huku nyuma yangu watoto wakigombea vikombe. Mwezi Januari alikuwa akikwaruza karatasi nzima bila mpaka. Mwezi Machi duara lake lilifungika. Baadaye akachora mtu ambaye miguu yake inatoka kichwani, kama wachoravyo watoto wengi wa umri huo, na mchoro wa juzi una kiwiliwili, mikono na vidole. Nilimwonyesha pia karatasi ya kona ya duka, ambapo mtoto huyo, akiwa muuza duka, aliandika madeni ya wateja kwa mistari ya mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akanisomea deni moja moja: unga, sukari, mafuta ya taa. Anajua tayari kwamba alama hubeba maneno, na kwamba maneno hayo yanaweza kusomwa tena kesho. Jambo hilo ni kubwa kuliko kunakili z.

Baba yule alisikiliza, akauliza, akarudia habari za mtoto wa jirani, akauliza tena. Hakuridhika kabisa. Aliomba kazi ya nyumbani, nami nikamwambia amwachie mwanawe achambue maharage, akamue soksi anazofua na kufunga vifungo vyake mwenyewe, kwa kuwa vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Aliondoka akiwa bado na shaka. Uji ulikuwa umepoa, na kipindi cha udongo kilikuwa kimeliwa.

Baada ya hapo saa zilikwenda bila mpangilio. Mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi nina zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na joto la mchana lilipopanda sauti yangu ilianza kukatika. Mmoja anaandika kwa mkono wa kushoto na wenzake wanamzomea kama walivyosikia kwa wakubwa. Nilimhamishia mwisho wa benchi upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, nikawaambia wote kwamba mkono ule ni wake na hakuna atakayeubadilisha. Ninaumia ninapokumbuka watoto waliolazimishwa kubadili mkono hadi wakaichukia penseli.

Watoto wamekwenda nyumbani, na miguu yangu inauma. Nimebaki na rundo la michoro. Chini ya kila mmoja ninaandika maneno ambayo mchoraji aliniambia, kwa herufi kubwa na wazi, ili ayaone maneno yake yakiwa maandishi. Wale ambao duara lao sasa linafungika nimewatenga. Kesho tutaanza nao herufi a. Waliosalia watabaki kwenye mchanga wiki nyingine, na mzazi atakayeuliza nitamfungulia jalada.