Shangazi na yule mwanamke wa ukutani

Mpwa wangu kanitumia voisi jana usiku, wamepewa hadithi fupi ya Kizungu chuoni, The Yellow Wallpaper, "mama mdogo, hivi yule mwanamke mwishoni kashinda au ndo kachizika mazima?" Nikacheka peke yangu, maana hilo swali nishajibiwa zamani, tena na mtu asiyejua neno la Kizungu.

Ilikuwa arobaini ya mtoto wa kwanza, Tanga, kwa mama. Hali yangu ya kipindi kile ilikuwa mbaya, usingizi hamna, machozi yanakuja tu, watu wanasema utazoea. Mtihani ulikuwa karibu kwahiyo fotokopi ya hiyo hadithi na kalamu nimevificha chini ya godoro, shangazi alishapiga marufuku, mzazi hasomi, ataharibu macho. Asubuhi moja kaingia na beseni la maji moto, akaviona, akavifunga kwenye upindo wa kanga, akaanza kunikanda kama hakijatokea kitu. Kidogo akauliza, "Enhe, wanasemaje humo?"

Nikamsimulia. Mwanamke kazaa, moyo haujatulia, mumewe John ni daktari, anamwambia huumwi, pumzika. Kamweka chumba cha juu, madirisha yana nondo, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, kuandika marufuku. Anabaki kuitazama karatasi ya njano ukutani mpaka anamuona mwanamke nyuma ya michoro, anaitikisa atoke. Na mwandishi mwenyewe, Charlotte Perkins Gilman, yalimkuta, 1887 daktari maarufu wa Philadelphia, Weir Mitchell, alimwambia ashughulike na nyumba yake, kazi ya akili masaa mawili tu kwa siku, kalamu asiguse tena maisha yake yote. Akafuata kama miezi mitatu, nusura arukwe na akili kabisa, akaachana nayo akaandika, ikachapwa 1892.

Mikono ya shangazi ikasimama tumboni kwangu. Kitambaa kinaniunguza, maji yanachuruzika mbavuni, hasemi kitu na mimi naogopa kusogea.

"Mama yake yuko wapi?"

Anatajwa mama tu, alikuja wiki moja akaondoka.

"Jirani?"

Hamna.

"Hata wifi?"

Wifi yupo shangazi, ila ndo anamchunga.

Akaguna. "Sasa huyo wa ukutani si jini wake? Walimuuliza anataka nini?"

Nilikosa jibu. Kwetu ngoma ikipigwa jini akapanda, lazima aulizwe, naye anasema, nataka kanga, nataka pete, nataka huyu bwana arudi nyumbani mapema, na bwana anasikiliza kwa adabu zote maana anayeongea sio mkewe. John hakuuliza.

Nikamalizia, kachana karatasi, anatambaa kuzunguka chumba, John kuona vile kaanguka pu kazimia, na yeye kila akizunguka anapita juu yake.

"Anamruka mumewe?!" Shangazi kacheka mpaka beseni likamwagika. "Huyo kapona!"

Mhadhiri wangu alikuja kufundisha kinyume chake, kwamba pale hamna ushindi wowote, na mimi mpaka leo nikiisoma asubuhi namuunga mkono shangazi, nikiisoma usiku mhadhiri.

Kalamu sasa, shangazi hakunirudishia mpaka arobaini imeisha. Nilimwambia na wewe ni John tu, akanijibu John hakumkanda mtu. Sikumwambia kwamba wagonjwa wa Mitchell nao walikuwa wanakandwa, tena kila siku.